UZI: Nimeishi Dijon miaka sita, leo tuongee chakula cha Bourgogne (mvinyo tuuweke pembeni kidogo)

#1 Mchuzi_Mzito (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kila nikitaja humu kwamba naishi Bourgogne, Ufaransa, maswali yanayofuata ni ya mvinyo tu. Chupa bei gani, inauzwaje, kweli kuna ya milioni kadhaa? Sawa, mvinyo upo. Kutoka Dijon ukishuka kusini kuna mteremko wa kama kilomita 60 umejaa mizabibu, kila kipande kina jina na mpaka wake, na mwaka 2015 UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia. Yanatosha. Mimi leo nimekuja na njaa, sikuja na kiu.

Nilifika huku kusoma, mfuko umetoboka. Mwezi wa tisa mwenzangu akaniambia kuna kibarua cha kuchuma zabibu upande wa Beaune. Nikasema mtoto wa mkulima atashindwaje na zabibu? Wakuu, nilishindwa. Mizabibu ya huku ni mifupi, inakufika kiunoni, na vishada vinaning'inia chini kabisa karibu na magoti. Unainama saa moja na nusu asubuhi, ukija kunyooka ni saa sita. Siku ya tatu nilikuwa natembea kama babu.

Saa sita hiyo ndiyo iliyoniweka. Mama mwenye nyumba alitoka na sufuria ya chuma, nzito, wameibeba watu wawili. Boeuf bourguignon. Nyama ya ng'ombe iliyolala kwenye divai nyekundu, ikapikwa polepole saa tatu au zaidi na karoti, vitunguu vidogo vizima, uyoga na vipande vya nyama ya nguruwe yenye mafuta. Mchuzi mweusi, mzito, unabaki kwenye kijiko. Jina langu humu lilizaliwa siku hiyo.

Mnafikiri ni chakula cha wakubwa, kwa sababu hotelini kinaandikwa kwa herufi za mapambo. Yule mama alinicheka. Alisema hapo zamani hicho kilikuwa chakula cha mkulima aliyebaki na nyama ngumu: bega, muundi, shavu. Usipoichemsha muda mrefu humalizi kuitafuna. Divai ilitumika kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo nyumbani, kama pwani tunavyotia tui kwa kuwa nazi ipo.

Na divai hiyo si ile ya milioni. Ukimwona mtu anasema amepikia chupa ya bei mbaya, ama anajisifu ama hajui kupika.

Naendelea, nakunywa chai kwanza.

#2 Kijukuu_wa_Upanga

Nimetandika mkeka. Picha usisahau mkuu, uzi bila picha ni kama pilau bila kachumbari.

#3 Mchuzi_Mzito

Picha zilikufa na simu ya zamani, nisamehe. Vumilia maneno.

Tuje kwenye haradali. Wasomaji wa Biblia mnaijua ile punje. Dijon na haradali ni kama Zanzibar na karafuu, ndivyo dunia inavyojua. Sasa mtu anafika hapa anategemea kuona mashamba ya haradali yanamsalimia dirishani kwenye treni. Anaona machache tu.

Zamani ilikuwepo kwa wingi. Wachoma mkaa wa misitu ya Bourgogne walikuwa wanapanda haradali pale walipochomea mkaa, udongo umeshapata majivu. Mkaa ukaisha, wakulima wakahamia mazao yenye faida zaidi, viwanda vikaanza kuagiza mbegu Kanada. Na jina "haradali ya Dijon" halikuwahi kufungwa kwenye mahali. Ni jina la namna ya kutengeneza: mbegu zinalowekwa, zinasagwa, maganda yanachujwa, basi. Unaweza kuitengenezea popote duniani na ukaandika Dijon kwenye chupa, na hakuna wa kukushitaki.

Mwaka 2021 Kanada ikapigwa na ukame. Mwaka 2022 hapa Dijon, mji wenye jina lake, rafu za haradali zikawa tupu. Duka la mtaani kwangu walibandika karatasi: chupa moja kwa familia. Jirani yangu, bibi wa miaka zaidi ya 80, alikuja kuniazima vijiko viwili kwenye kikombe cha kahawa. Mswahili anamkopesha Mfaransa haradali ndani ya Dijon! Nilimpigia mama simu kumweleza.

Ipo nyingine, "haradali ya Bourgogne". Hiyo ilipata ulinzi wa Ulaya mwaka 2009. Mbegu lazima ziwe zimelimwa Bourgogne na kimiminika chake ni divai nyeupe ya Bourgogne. Kwa hiyo dukani zinakaa chupa mbili jirani, moja ina jina kubwa, nyingine ina shamba. Wageni wengi wananunua yenye jina.

#4 Mkulima_wa_Mbarali

Mleta mada umenigusa pabaya. Mimi nalima mpunga Mbarali. Mchele wangu ukitoka hapa ni wa Mbarali, ukifika Dar umeshakuwa "Kyela". Nimewahi kusimama sokoni Tandika nikauziwa maneno kuhusu mchele wa Kyela na dalali ambaye gunia lake nililitambua kwa mshono.

Nikisema ukweli, sikumkatalia. Bei ya Kyela ni nzuri.

#5 Mchuzi_Mzito

Hahaha, mkuu, kumbe na wewe ni Dijon! Kama hukumkatalia basi tusiwalaumu Wakanada.

#6 BiMwana_Mkunazini

Assalaam aleikum. Nasoma kimyakimya tangu mwanzo. Mwanangu, nikuulize bila ya kuona haya. Mjukuu wangu anakuja kusoma huko mwezi wa tisa inshallah. Nyama ina divai, ndani mna nguruwe. Na hiyo haradali nayo ina divai. Huyo mtoto atakula nini?

#7 Mchuzi_Mzito

Wa aleikum salaam, shikamoo Bi Mwana. Swali zuri kuliko yote humu, na sitakudanganya. Jiko la hapa ni gumu kwa Muislamu, pengine kuliko sehemu nyingine za Ufaransa, kwa sababu divai imeingia hata kule ambako huitafuti. Usikubali akiambiwa "pombe imeshakauka kwenye moto". Haikauki yote hata ikipikwa muda mrefu.

Vya kumwambia aviepuke ni mayai ya meurette (mayai yaliyochemshwa bila ganda na kumwagiwa mchuzi wa divai nyekundu, yanatoka ya zambarau kama yamepigwa), jambon persillé ambayo ni nguruwe ya kugandisha na majani ya kotimiri ya kizungu, huliwa sana Pasaka, na jibini ya Époisses, nitaieleza. Haradali ya kawaida ya Dijon asome karatasi ya nyuma, nyingine ina siki tu.

Cha kula kipo. Dijon ina maduka ya nyama halali, na nyama ya ng'ombe wa Charolais ni nzuri sana. Ni wale ng'ombe weupe wakubwa utakaowaona kusini mwa mkoa wamelala kwenye majani kama mawe yaliyopakwa chokaa. Kuna mkate wa asali na viungo, pain d'épices: unga wa ngano, asali, na harufu inayotawala ni ya anisi. Kuna kampuni hapa inautengeneza tangu mwaka 1796. Halafu kuna pipi za kijiji cha Flavigny, zinatengenezwa ndani ya majengo ya abasia ya zamani: punje moja ya anisi inazungushwa kwenye sukari, tabaka juu ya tabaka, kwa siku 15 mpaka inakuwa kama lulu. Mjukuu akuletee kopo moja, utatafuna na kahawa.

#8 BiMwana_Mkunazini

Marahaba. Umesema kweli na kweli inatosha. Nitamfungia viungo vya pilau kwenye sanduku.

#9 Otis_wa_Dunga

Niaje wadau, niko Kisumu. Mimi nangoja konokono. Hiyo stori ya kula konokono ni ya kweli ama ni propaganda?

#10 Mchuzi_Mzito

Karibu Otis. Ni kweli, na nimekula. Wanapikwa, wanarudishwa kwenye ganda, juu panazibwa na siagi iliyopondwa na kitunguu saumu na majani, wanaingia oveni. Utamu, kwa maoni yangu, ni wa siagi na saumu kwa asilimia tisini. Hata ukiweka kipande cha gome la mti humo ndani, mkate utalamba sahani.

Lakini sikiliza uchekeshwe. "Konokono wa Bourgogne" ni jina la aina ya konokono, yule mnene wa ganda la rangi ya krimu, aliyekuwa akiokotwa kwenye mizabibu baada ya mvua. Siku hizi Ufaransa haimruhusu kuokotwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 30 Juni, anapozaana, na nje ya hapo ganda lazima lifike sentimita 3. Kufugwa hataki, wafugaji wanatumia aina nyingine. Kwa hiyo wengi wanaoliwa hapa kwa jina la Bourgogne wameokotwa Ulaya ya Mashariki.

#11 Otis_wa_Dunga

Sasa mkuu, haradali ni ya Kanada, konokono ni wa Ulaya Mashariki. Huko Bourgogne kumebaki nini? Hewa?

#12 Kijukuu_wa_Upanga

😂😂😂 Otis funga uzi.

#13 Mchuzi_Mzito

Msifunge, kuna kuku.

Wapenzi wa kuku wa kienyeji, kaeni mkao wa kula. Kuna kuku anaitwa poulet de Bresse. Manyoya meupe, upanga mwekundu, miguu ya bluu. Ndiyo, bluu. Rangi za bendera ya Ufaransa amevaa mwilini. Mwaka 1957 jina lake lilipewa ulinzi wa kisheria uleule wanaopewa mvinyo, yaani huyu kuku ana cheti cha kuzaliwa. Kila mmoja awe na mita 10 za mraba za majani, angalau. Anajiokotea minyoo, anaongezewa mahindi, ngano na maziwa. Anachinjwa akiwa na karibu miezi minne, wakati broila wa mtaani kwenu anafika sokoni kwa wiki tano au sita. Mguuni ana pete yenye jina la mfugaji.

Siku za mwisho anaingizwa kwenye kizimba cha mbao penye giza ili atulie na kunenepa. Hapo mimi moyo wangu haukubali sana, nasema ukweli, lakini nyama yake unaielewa kwa nini inaliliwa. Ngozi nyembamba, mafuta yameingia ndani ya nyama, na mfupa mgumu. Wanampika kwa krimu, wengine huongeza uyoga wa porini. Bei mnisamehe, sitaitaja, mimi nanunua mara moja kwa mwaka.

#14 Kamarade_Lushi

Bandugu, jambo. Miye mtu wa Lubumbashi, niko Mâcon tangu zamani. Mleta mada anasema vizuri lakini hapa ananyang'anya kuku ya watu. Bresse haiko ya Bourgogne yote. Sehemu kubwa iko mkoa wa Ain, ingine iko Jura, na ingine ndiyo iko kwetu Saône-et-Loire. Watu wa Bourg-en-Bresse wakisoma hapa, watakukamata.

Lakini kama unatafuta kuku, usiende hoteli. Enda Louhans siku ya Jumatatu. Ni mji mudogo, barabara kubwa yake iko na matao 157 ya zamani, watu wanapita chini yake mvua ikinyesha. Kule soko ya kuku wazima ingali iko: kuku, bata, sungura ndani ya vikapu, bamama wanapapasa kifua cha kuku mbele ya kulipa. Siku ya kwanza niliingia pale nikasikia kelele na harufu ile, machozi kidogo itoke. Ni Kenya yetu, soko ya Lubumbashi, sawa kabisa. Halafu saa ine ya asubuhi bazee banakula kichwa ya ndama kwa meza, na divai. Saa ine ya asubuhi!

#15 Otis_wa_Dunga

Kenya yetu? Kumbe Lubumbashi kuna Kenya?

#16 Kamarade_Lushi

Iko, ni komini, sehemu moja ya mji. Na soko yake kubwa.

#17 Mchuzi_Mzito

Nakubali kosa, Kamarade. Kuku nimewarudishia watu wa Ain theluthi mbili.

Na kwa kuwa Otis ni wa ziwani, nikupe samaki. Pale Verdun-sur-le-Doubs, mto Doubs unapoingia Saône, wanapika pochouse. Ni samaki wa maji baridi mchanganyiko, wengine wenye mafuta kama mkunga, wengine wakavu, wanachemshwa kwenye divai nyeupe na kitunguu saumu kingi. Mimi haikunipendeza, miiba kama sindano za fundi cherehani. Mtu wa Kisumu pengine ataiweza.

#18 Otis_wa_Dunga

Mwiba hauwezi kumtisha mtu aliyelelewa na ngege. Leta.

#19 Wakili_Msomi_wa_Ilala

Mmepita cassis bila kuitaja? Mimi Dijon naijua kwa kesi, sijawahi kukanyaga.

Mwaka 1979 Mahakama ya Ulaya iliamua kesi ya "Cassis de Dijon". Cassis ni pombe tamu ya zambarau ya tunda dogo jeusi. Mwagizaji wa Ujerumani alitaka kuileta kwao, wakamkatalia: sheria yetu inasema pombe ya matunda ya aina hii ifike kilevi asilimia 25, hii yako ina 15 hadi 20. Yaani ilikataliwa kwa kuwa si kali vya kutosha! Mahakama ikasema hapana, bidhaa iliyotengenezwa na kuuzwa kihalali nchi moja mwanachama, nyingine haiwezi kuizuia bila sababu ya maana. Soko la Ulaya lote limeegemea kwenye chupa hiyo. Kila nikisoma habari za mahindi na maziwa kukwama mipakani kwetu Afrika Mashariki naikumbuka.

#20 Mchuzi_Mzito

Wakili umetisha. Niongeze ya jikoni. Ilianza kutengenezwa Dijon mwaka 1841, matunda yanalowekwa kwenye kilevi halafu sukari, gramu 400 na zaidi kwa lita. Vichaka vyake vinaota kwenye vilima vya juu ya mizabibu na bado vipo, hii haijahamia Kanada.

Ukiichanganya na divai nyeupe chachu inayoitwa aligoté unapata kinywaji cha kir. Jina ni la Félix Kir, padri aliyekuwa meya wa Dijon kuanzia 1945 mpaka alipofariki 1968. Wageni wake wote aliwapa hicho. Kampuni moja ikamwomba kutumia jina lake, akawaandikia ruhusa. Baadaye wengine wakaomba, nao akawaruhusu. Matokeo mnayajua, mahakamani. Padri alikuwa na roho nzuri mno.

#21 Kijukuu_wa_Upanga

Uliahidi jibini.

#22 Mchuzi_Mzito

Époisses. Jibini ya mviringo, ngozi ya rangi ya chungwa, ndani inatiririka. Inaoshwa mara kwa mara kwa maji yaliyochanganywa na marc, na marc, wakuu, ni gongo. Ni makapi ya zabibu, maganda na mbegu vilivyobaki baada ya kukamua, vinachachushwa na kupitishwa kwenye mtambo. Hakuna kinachotupwa.

Harufu yake... niliwahi kuinunua sokoni, pale Les Halles, nikapanda basi. Kituo cha pili watu wameshaniachia nafasi. Nilipofika nyumbani mwenzangu wa chumba alinyanyua viatu vyangu na kuvitoa nje, akidhani ndiyo vyenyewe. Lakini mdomoni ni mpole, ina chumvi na utamu wa maziwa. Pua na ulimi wanagombana.

Ilikuwa inakufa. Waliojua kuitengeneza ni wanawake wa mashambani, na baada ya vita vya pili shamba moja baada ya jingine likaacha. Mwaka 1956 mume na mke pale kijijini Époisses, Robert na Simone Berthaut, waliamua kuianzisha upya, wakajifunza kutoka kwa waliokuwa bado wanakumbuka. Mwaka 1991 jina likapata ulinzi. Hapa ndipo Otis anapata jibu lake: maziwa yanatoka hapahapa, na ukiitengenezea kwingine huruhusiwi kuiita hivyo. Wenye haradali waliona, wakakumbuka shuka kumekucha.

#23 Mkulima_wa_Mbarali

Mkuu, huo ulinzi unaombwa na nani? Serikali au wakulima?

#24 Mchuzi_Mzito

Wazalishaji wenyewe. Wanaungana, wanaandika masharti: mpaka unaishia wapi, mbegu gani, mnyama gani, siku ngapi. Serikali inakagua na kupitisha, halafu Ulaya. Sehemu ngumu ni mpaka, maana kuna jirani atabaki nje ya mstari na alikuwa anatengeneza kitu kilekile.

#25 Mkulima_wa_Mbarali

Huyo jirani ndiyo mimi.

#26 BiMwana_Mkunazini

Mwanangu, hukunambia kitu kimoja cha kupika nyumbani kisicho na divai wala nguruwe. Nataka kujaribu kabla mtoto hajaondoka.

#27 Mchuzi_Mzito

Nimejisahau, Bi Mwana. Pika gougères, tamka "gujeri". Ni vitumbua vya jibini, hutolewa kwa watu wanaoonja divai ili tumbo lisiwe tupu, lakini vyenyewe havina tone la divai. Jibini iwe ya kukauka, uangalie tu imegandishwa kwa kitu gani.

Chemsha maji robo lita na siagi gramu 100, chumvi kidogo. Yakichemka mimina unga wa ngano gramu 150 wote kwa pamoja, songa na mwiko kwa nguvu. Ni ugali huo, wallahi, hakuna tofauti, mpaka uachane na sufuria. Epua, ipoe kidogo, tia mayai manne, moja moja, ukikoroga. Mwisho jibini iliyokunwa gramu 150. Weka matonge madogo kwenye sinia, oveni digrii 200, dakika 25.

#28 BiMwana_Mkunazini (siku iliyofuata)

Nimefanya. Vilipanda vizuri, kisha vikalala vyote kama chapati. Wajukuu wamekula hivyohivyo.

#29 Mchuzi_Mzito

Bi Mwana, ulifungua mlango wa oveni kuchungulia?

#30 BiMwana_Mkunazini

Mara tatu.